Baa Aliyonikataza Avril

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nimekaa kwenye ngazi za nyumba yangu mwenyewe, soksi zimelowa chapachapa, nikimsikiliza mke wangu akiongea na dada yake kwenye simu. Alikuwa anamwambia aanze kutandika kile chumba cha juu.

Kwa ambao hamkuwepo nawapa kwa kifupi tu, maana hata mimi mwenyewe sipendi kuyarudia.

Naitwa Desmond Hale. Nilifanya kazi kiwanda cha mazulia tangu sijaota ndevu mpaka kikafungwa. Baa yetu iliyokuwa mkabala na geti la kiwanda nayo ikafungwa, wakaigeuza duka la simu. Ndipo tukauza nyumba ya mjini tukahamia hapa Fernhill, nje kidogo ya Manchester, kwenye nyumba zinazofanana, kwa majirani wanaosalimiana kwa kupunga mkono kutoka ndani ya gari. Avril, mke wangu, alipapenda. Mimi nikavuta kiti karibu na dirisha nikakaa.

Wanaume wengine wake zao huwafuata baa wakawatoa kwa kuwavuta shati. Mimi mke wangu ndiye aliyenifukuza nyumbani niende baa.

Alisema nimemganda. Akiosha vyombo, niko nyuma yake. Akifungua friji, nimechungulia. Akiongea na simu, nimetega sikio. Akaniweka chini siku moja, kwa upole kabisa, upole ule unaotisha kuliko kelele.

"Tafuta baa, Des. Tafuta pa kukaa, upate watu wa kuongea nao. Ukifika Pasaka hujapata, mimi nahamia kwa Pauline."

Pauline ndiye huyo dada yake. Anaishi Whitby, baharini huko, na tangu siku ya harusi yetu hajawahi kunitazama kwa jicho zuri.

Baa zote nikaruhusiwa, isipokuwa moja. Mwanakondoo, ile ya kona, karibu na mfereji. Avril alisema bia yake mbovu, choo chake hakiingiliki, na watu wake ni wagomvi. Nilimuuliza amejuaje, akasema kila mtu anajua.

Basi nikahangaika. Nilikwenda Taji, nikakuta mishumaa mezani na kijana akaniuliza kama nimeweka nafasi. Niweke nafasi ya kunywa bia! Nilikwenda Simba Mwekundu, nikakuta televisheni kila ukuta, na mzee mmoja niliyemsalimia akachukua glasi yake akahamia meza nyingine. Wiki jana nikaenda Reli, na ya Reli mnayajua.

Pale Reli nilipata watu kweli. Wanaume wanne, meza moja, wakanikaribisha. Sasa sisi tukikaa meza moja tunanunuliana kwa zamu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, lakini mtu anayekunywa zamu za wenzake akakwepa ya kwake, heri mwizi. Nikanywa za wenzangu. Zamu yangu ilipokaribia nikaenda chooni mara moja, kitasa kikang'oka kikabaki mkononi mwangu.

Niligonga, nikaita, sikusikika. Mwishowe nikapitia dirishani nikaangukia kwenye dimbwi. Nilipozunguka nikaingia kwa mlango wa mbele, wale wanne walikuwa wameshanipa migongo. Nilijieleza na kitasa mkononi kama ushahidi. Hakuna aliyegeuka.

Ndiyo hivyo nikarudi nyumbani na soksi zile, na kusikia habari za kile chumba cha juu. Pasaka ilikuwa Jumapili hii inayokuja.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta Alhamisi.

Alhamisi ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Asubuhi Avril alinipa soksi mpya, akanibusu kwenye paji la uso kama mtu anayembusu mgonjwa hospitalini. Kisha akavaa koti lake la bluu, lile la sherehe.

Nikamuuliza anakwenda wapi. Saluni, akasema. Nikamuuliza kuna nini leo. Hakuna kitu, akasema, akafunga mlango.

Nikajiambia labda anatengeneza nywele za kwenda nazo Whitby. Moyo uliniuma, sitadanganya. Nilikaa kwenye kiti changu cha dirishani na zile soksi mapajani mpaka jua likaanza kuteremka.

Tuna mbwa, anaitwa Monty. Mnene, mvivu, na hanijali. Kila alasiri ni Avril anayemtembeza, mvua au jua, wanakaa huko muda mrefu kweli. Siku hiyo saa yake ilifika na Avril hajarudi. Monty akaleta mnyororo wake kwa meno, akautupa miguuni pangu, akaanza kulia.

Nikavumilia, akazidi. Nikavaa koti nikamfunga, tukatoka.

Nilitaka kupita bustanini, tuzunguke, turudi. Monty hakutaka. Yule mbwa anayelala mchana kutwa alinivuta kama trekta. Nikikata kushoto, yeye kulia. Kuna mama alikuwa anapalilia maua yake, akatutazama tunavyopita akasema mbwa wako anajua anakokwenda. Nikamjibu kuwa angalau mmoja wetu anajua.

Tukashuka mpaka mferejini. Nikaanza kuelewa tunakoelekea, nikakaza mnyororo. Haikusaidia kitu.

Monty alifika mlangoni pa Mwanakondoo, akakaa kitako, akabweka mara moja tu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mama mmoja wa makamo, mikono imejaa unga, uso mwekundu wa jikoni.

"Monty, kipenzi changu," akasema. "Leo umechelewa."

Akampa kipande cha ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, kutoka mfukoni mwa aproni yake. Kisha akainua macho taratibu, akaufuata mnyororo mpaka akanikuta mimi upande wa pili.

Hapo ningegeuka. Lakini Monty alishaingia ndani, na ule mnyororo nilikuwa nimeuzungusha kwenye kiganja. Nikaingia kwa kuvutwa.

Jamani. Mtu asiniambie habari ya Taji wala Simba Mwekundu.

Moto ulikuwa unawaka kwenye jiko la ukutani. Hakuna televisheni, hakuna muziki. Watu walikuwa wanaongea tu, meza hii na meza ile, mmoja akisema kitu huku mwingine anajibia kule. Nilipoomba bia yule mama aliivuta kwa mkono kutoka pipa la chini, polepole, akaiacha itulie, akaijaza tena. Niliionja nikafumba macho. Ilikuwa bia ya nyumbani kwetu, ile ya geti la kiwanda. Nilitaka kulia pale pale kaunta, na mimi si mtu wa kulia.

Hii ndiyo baa niliyoitafuta. Na ndiyo hiyo hiyo niliyokatazwa.

Monty alikwenda moja kwa moja mwisho wa kaunta, upande wa moto, akalala chini ya stuli moja ndefu iliyokuwa wazi. Nami nikamfuata, nikaikalia ile stuli.

Mazungumzo yakakatika. Meza zote, kwa pamoja, zikanigeukia.

Pembeni yangu alikuwepo jamaa mmoja mpana, tarishi mstaafu, baadaye nikajua anaitwa Trevor. Akakohoa kidogo. Akaniambia kwa sauti ya chini, wala hakuwa mgomvi hata kidogo.

"Rafiki, samahani. Hicho kiti kina mwenyewe."

Nikaomba radhi. Nikauliza kama mwenyewe atarudi sasa hivi, ili nijue nihamie wapi.

Trevor akaitazama bia yake. "Hatarudi," akasema. "Ni marehemu."

Niliruka kama niliyekalia pasi ya moto. Kukalia kiti cha marehemu kwenye baa ya watu, siku ya kwanza tu! Nikashika ukingo wa kaunta nisianguke, na vidole vyangu vikagusa kitu cha baridi. Kilikuwa kibao kidogo cha shaba, kimepigiliwa kwenye mbao mbele ya ile stuli, kinang'aa kwa kusuguliwa kila siku.

Nikainama nikakisoma.

DESMOND HALE, ndivyo kilivyoandikwa. Na chini yake, kwa herufi ndogo, HAPA NDIPO KWAKE.

Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nikasoma tena. Nikajiambia dunia ni kubwa, majina yanafanana, huenda akina Desmond Hale tuko wengi.

"Mume wa Avril huyo," akasema yule mama mwenye baa, anaitwa Glenys. "Mwenye huyu mbwa. Hakukwambia?"

Nikakitazama kibao tena.

"Wewe si ndiye jirani?" akaendelea. "Avril alisema atatafuta jirani wa kumsaidia kumtembeza Monty siku akiwa na shughuli."

Sasa nyie mnaosoma mtasema Desmond, kwa nini hukufungua mdomo. Hebu jiwekeni mahali pangu. Unasimama mbele ya watu usiowajua, wamekunyamazia kwa heshima ya marehemu, useme nini? Useme samahani jamani, marehemu mwenyewe ni mimi?

"Ndiyo," nikasema. "Jirani."

Nikajiua mwenyewe kwa neno hilo moja, na bia yangu mkononi.

Glenys akaegemea kaunta akanisimulia. Ilikuwa majira ya baridi, miaka mitatu iliyopita. Mwanamke aliingia amelowa, amembeba mbwa mchanga ndani ya koti. Akakaa pale pale kwenye hiyo stuli, akaagiza bia, hakuinywa. Akaanza kulia bila sauti. Glenys alipomuuliza kilichompata, akasema mume wake amefariki. Hawakumuuliza amefariki kwa nini. Picha hakuwahi kuwaonyesha, alisema hawezi kuitazama. Tangu hapo akawa anakuja kila alasiri, na hapa, Glenys akasema, ndipo alipoanza tena kula, na baadaye kucheka.

Nilihesabu kichwani. Majira yale ya baridi mimi nilikuwa nyumbani. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miezi michache kabla, na nilikuwa kwenye kile kiti cha dirishani. Namkumbuka Avril akirudi na mbwa, akinipitishia kichwa mlangoni, akiniuliza kama nataka chai. Nami nikitikisa kichwa bila kugeuka.

"Kibao tulimtengenezea sisi," akasema Trevor. "Alisema marehemu baa yake ilifungwa, hakuwa na pa kwenda. Tukaona tumpe mahali."

"Alikuwa mtu mzuri sana," akasema Glenys.

Nikauliza alikuwa mtu wa namna gani.

Laiti nisingeuliza. Walianza kunieleza, huyu akiacha yule anadakia. Kwamba Desmond alikuwa anaimba akinyoa ndevu. Kwamba walipokuwa wachumba mto ulifurika, yeye akambeba Avril mgongoni, viatu vyake vya dansi shingoni, akamvusha barabara nzima mpaka ukumbini, halafu wakacheza usiku ule yeye akiwa na suruali iliyolowa mpaka magotini. Kwamba alimtengenezea kabati la vitabu kwa mbao za masanduku ya kiwandani, na akafanya rafu moja fupi kwa makusudi, iwe ya vitabu vyake vidogo vya mashairi.

Nilitafuta walau moja la uongo nilikamate. Sikulipata. Yote niliyafanya. La viatu shingoni nilikuwa nimelisahau kabisa.

Niliona wivu, naapa. Nikamwonea wivu huyo marehemu wao, na marehemu ni mimi.

"Na vichekesho!" akasema Trevor. "Kuna kile cha mkaguzi." Akaanza kukisimulia. Siku moja mkaguzi alikuja kiwandani kutazama mazulia, akainama kuchungulia ndani ya zulia kubwa, vijana hawakumwona, wakaliviringisha na yeye ndani, wakalipakia, likapelekwa Leeds. "Walipolifungua kule Leeds," akasema Trevor, "akatoka anapiga kelele kama mwehu."

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima.

Siyo hivyo. Kisa hicho ni changu, nimekisimulia miaka, na yule bwana alikuwa anakiua mbele ya macho yangu. Nilijikaza nikashindwa.

"Hakupiga kelele," nikasema. "Na si Leeds, ni Hull. Zulia lilipofunguliwa alitoka, akajikung'uta, akavaa miwani yake, akasema zulia halina kasoro."

Baa nzima ikalipuka. Trevor alicheka mpaka akashika tumbo, mzee mmoja kule dirishani akapaliwa na bia yake. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimchekesha mtu. Nilisimama pale, joto limenipanda mpaka masikioni, nikacheka nao.

Kicheko kilipopungua nikamwona Glenys ananitazama, kichwa amekiinamisha upande.

"Wewe umekijuaje?"

Nikasema Avril alinisimulia siku moja, uani.

"Mbona sisi hakutusimulia hivyo?" akasema Trevor.

Nikainama nikamkuna Monty masikio. Monty akanitazama kwa jicho la mtu anayejua kila kitu ila hana mpango wa kukusaidia.

Aliyeniokoa ni Glenys mwenyewe, kwa kukumbuka kilicho jikoni. Alikimbia, akarudi na pai kubwa ya nyama na figo, ukoko umepanda, moshi unafuka. Akaiweka kaunta, mbele ya kile kibao. Mbele ya jina langu.

Nikauliza kuna sherehe gani.

"Leo ni siku ya kuzaliwa ya Des," akasema. "Kila mwaka tunamkatia pai aliyoipenda, tunamnyanyulia glasi. Nawe usiondoke, kipenzi. Avril mwenyewe yuko njiani, amepita saluni kwanza."

Kumbe ndilo lile koti la bluu. Kumbe ndizo zile nywele.

Nyumbani nilipewa soksi. Huku nilipikiwa pai, na mke wangu alikuwa saluni anajipamba kwa ajili yangu, kwa ajili ya yule mwingine wa jina langu, sijui nisemeje. Nilitaka kukasirika. Nilizitafuta hasira nikakuta hazipo, pamejaa kitu kingine kizito kisicho na jina.

Nikaona dawa ni kuondoka kabla hajafika. Nikaweka glasi chini, nikasema nimekumbuka jambo nyumbani, nikavuta mnyororo. Mnyororo haukuja. Monty alikuwa ameuzungusha kwenye miguu ya ile stuli na kuulalia. Nikapiga magoti kuufungua, nikavuta huku, ukakaza kule. Trevor akaja kunisaidia, tukazidi kuufunga.

Tukiwa chini hivyo hivyo, Glenys akagonga kengele ya kaunta. Watu wote wakasimama. Mtu akaninyanyua kwa kwapa, mwingine akanitia glasi mkononi.

"Kwa Desmond," akasema Glenys.

"Kwa Desmond," wakaitika wote.

Nikanywa. Ningefanya nini? Nikajinyanyulia glasi ya marehemu mimi mwenyewe, nimesimama na miguu yangu miwili, na pai yangu inanukia mbele yangu.

Glasi bado iko mdomoni nikasikia baridi ya nje shingoni. Mlango ulikuwa umefunguliwa.

Avril aliingia anatabasamu. Nywele zimekatwa fupi, zimemrudishia sura ya zamani. Alikuwa anavua glovu na kusema kitu kuhusu upepo. Lile tabasamu sikuwa nimeliona nyumbani kwetu tangu tuhamie. Nilidhani limeisha tu lenyewe kama vitu vingine vinavyoisha.

Kisha akaniona.

Aliniangalia mimi, akamwangalia Monty, akaangalia glasi mkononi mwangu, mwisho akaangalia kile kibao. Glovu moja ikaanguka chini. Hakuna aliyeiona ila mimi.

"Jirani yako amemleta Monty," akasema Glenys, kwa furaha. "Mtu mzuri huyu, umetuficha kwa nini? Ametuvunja mbavu."

Nikangoja aseme. Aseme huyu si jirani, huyu ni mume wangu. Ilikuwa sentensi fupi tu. Midomo yake ilifunguka, ikafunga. Mkono wake ulikuwa umeshika kifungo cha koti, unakizungusha, unakizungusha.

Nami ningeweza kusema. Nilikuwa na maneno yote. Lakini niliwatazama wale watu, Trevor na pai ile na wazee wa dirishani, nikaona nikisema, mwanamke huyu hatakuwa na pa kukanyaga tena. Watamtazama kama mtu aliyewalia machozi yao bure. Atakwenda Whitby na mimi nitarudi kwenye kiti changu. Na nisiposema, nimekufa, tena nimekufa kwa ridhaa yangu mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Avril alinitazama machoni. Alikuwa na hofu. Lakini kulikuwa na jambo jingine pia, kama anayeniomba kitu. Miaka mingi mke wangu hakuwa ameniomba chochote zaidi ya kusogeza miguu apitishe ufagio.

Akaokota glovu yake. Akatembea mpaka kaunta, akakaa kwenye stuli ya pili, ile iliyo pembeni ya yangu. Akaipigapiga yangu kwa kiganja.

"Mwache akae hapa," akamwambia Trevor.

Trevor akashangaa. "Kwenye kiti cha Des?"

"Mwache akae, Trevor."

Nikakaa. Glenys akasahau kisu ndani ya pai. Watu wakarudi kwenye meza zao, kila mmoja amejifanya anashughulika na glasi yake.

Avril akaninyoshea mkono, kama wanavyonyosheana watu wanaokutana kwa mara ya kwanza. Nikaupokea. Ulikuwa wa baridi.

"Nadhani sisi hatujawahi kuongea vizuri," akasema. "Mimi naitwa Avril. Mume wangu alifariki majira ya baridi, miaka mitatu sasa. Nilimpenda sana."

Nikasema pole.

"Asante," akasema.

Hakuuachia mkono wangu. Machozi yalimjaa machoni, hayakudondoka. Akanisogelea kidogo, nikasikia harufu ya dawa ya nywele, na chini yake harufu yake yeye, ile ya siku ya mafuriko.

"Na wewe, jirani," akaniuliza, kwa sauti ambayo Mwanakondoo nzima iliisikia. "Wewe umeoa?"